Nilitaka kununua DAC nyingine, kumbe ni setingi tu

Jamani nimepoteza kama wiki tatu nikilaumu vitu visivyo na kosa. Nilianza na spika, nikasema hizi zishachoka, nikahamia kwenye waya, nikatoa ule wa mwanga nikaweka wa USB, wapi. Mziki unatoka umekauka, nyuma kuna kaupepo shhhh, na vile vitu vidogovidogo kama pumzi ya mwimbaji au piano inavyofifia mwishoni havipo kabisa, piano inafika mahali inakwaruza halafu inakatika. Nikawa nishaanza kuchungulia bei za DAC mpya (kile kifaa kinachogeuza namba za kidijitali kuwa sauti ya kwenda kwenye amplifaya), wenye ugonjwa huu mnanielewa, kumbe shida iko kwenye menyu ya strima, kale kakompyuta kanakopiga mziki na kuupeleka kwenye DAC, ukurasa ambao siku ya kwanza niliupita nikibonyeza sawa, sawa, sawa bila kusoma hata mstari.

Kilichonishtua ni kale kakioo ka DAC. Kanaonyesha ni sampuli ngapi, yaani vipimo vya sauti, zinaingia kila sekunde, kwa maelfu, na kila nikicheza kitu kanasema 48. Naweka albamu niliyoitoa kwenye CD, 48. Naweka faili la 96, 48. Sasa CD ya mziki ni 44.1, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 (biti zikizidi, kila sampuli inapimwa kwa usahihi zaidi), ndivyo ilivyo tangu zimeanza kuuzwa 1982, hiyo 48 imetoka wapi? Ina maana kuna mtu katikati anaupika mziki upya kabla haujanifikia.

Na huyo mtu nilimpata. Strima nyingi ukizifungua ndani ni Linux tu, mfumo endeshi kama Windows ilivyo, sauti inapitia kitu kinaitwa ALSA, na ukiacha autiputi (njia ya kutokea sauti) kwenye ile "default" mara nyingi inapita kwanza kwa dmix, ambayo kazi yake ni kuchanganya sauti za programu mbili tatu zinazopiga kwa pamoja, na ili iweze kuchanganya lazima zote ziwe mwendo mmoja, kwahiyo inajichagulia 48 basi kila kitu kinageuzwa kiwe 48. Kwa kompyuta ya kazi haina shida, unataka mlio wa meseji usikike juu ya mziki. Kwa strima ambayo kazi yake ni moja tu, ya nini?

Nikaingia kwenye orodha ya autiputi nikaachana na ile ya kwanza nikachagua yenye jina la DAC yenyewe. Kwa mnaotumia MPD, ile programu ya kupiga mziki, ni ile inayoanza na hw: na siyo plughw, maana plughw nayo DAC ikikataa kitu inakugeuzia kimyakimya. Nikarudia CD ileile. 44.1! Nikaweka lile faili lingine, 96. Nilikaa pale nabadilisha nyimbo kila baada ya sekunde tano naangalia namba tu, mziki wenyewe wala siusikilizi 😂. Kama DAC yako haina kioo, ingia ndani ya strima kwa ssh (kuandika amri kutoka kompyuta nyingine) wakati wimbo unacheza usome faili la hw_params ndani ya /proc/asound, litakwambia namba na biti bila kukuficha.

Ila niseme ukweli, hiyo ya 48 kuwa 44.1 mkinifunga macho sidhani kama ningeikamata. Kilichoua mziki wangu ni voliumu.

Kuna usiku mmoja nilishusha sauti kwenye simu, upande wa strima, nikaiacha kwenye -36 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) nikasahau. Kesho yake sauti ndogo, nikaongeza kwenye amplifaya, na ndivyo nikaendelea kuishi. Sasa voliumu ya kidijitali ni hesabu tu, kila ukishusha 6 dB umekula kama biti moja, na autiputi yangu ilikuwa imewekwa biti 16, toa sita zinabaki kumi. Halafu hizo kumi amplifaya inazikuza pamoja na kelele zake yenyewe, ndiyo ule upepo. Ingekuwa imewekwa biti 24 wala nisingegundua, kuna nafasi ya kutosha chini. Nikapandisha ikawa 24, voliumu ya strima nikaiweka Fixed, yaani inatoka yote bila kupunguzwa, sauti naongozea kwenye kitufe cha amplifaya peke yake.

Na hapa nisikilizeni vizuri. USIBONYEZE Fixed kabla hujashusha amplifaya. Mimi nilibonyeza kwanza. Ilikuwa bado iko pale nilipoizoea, ikaongezeka 36 dB kwa mpigo, nilirukia swichi ya ukutani sijui hata niliinukaje. Spika zimepona kwa huruma tu. Na kama spika zako zinapokea moja kwa moja kutoka kwenye strima na hazina kitufe chao cha sauti, hiyo Fixed usiiguse kabisa, baki na Variable, ile inayokuruhusu kupandisha na kushusha, kwa biti 24 utaishi kwa amani.

Faili za DSD, aina nyingine ya kurekodi sauti, ninazo chache, nimewasha DoP, njia ya kuzipitisha kwenda kwenye DAC. Inazificha ndani ya PCM, yaani sauti ya kawaida ya sampuli kama ya CD, ya 176.4, na kwenye waya wa mwanga vifaa vingi vinaishia 96, kwahiyo huko usihangaike, tumia USB. DAC isiyoijua DoP itakupigia kelele ya mvua, na hata inayoijua ukigusa voliumu ya strima alama za DoP zinaharibika unapata mvua hiyohiyo. Ikikushinda mwambie strima aigeuze kuwa PCM, maisha yaendelee.

Kitu kimoja kilibaki. Wimbo wa 96 ukifuata wa 44.1 DAC inachukua muda kujipanga, sekunde ya kwanza ya wimbo inaliwa. Kwenye setingi zangu kuna sehemu ya kuweka ukimya kidogo kila namba ikibadilika, nikaweka milisekunde 500, bado neno la kwanza linakatwa nusu, nikaweka 800, sasa linatoka zima.