Mzee hakuachwa amalize wimbo wake

Jamani wa Kampala, hivi ni lini tulikubaliana kwamba wimbo wa kadongo kamu, zile hadithi za Kiganda za gitaa, unaweza kukatwa katikati? Nimerudi juzi tu kutoka Waltham, Marekani, baada ya miaka mingi ya kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, na kitu cha kwanza nilichokitafuta ni shoo ya mzee mmoja mtunzi, jina simtaji, waliokulia barakisi ya polisi Nsambya watamjua, kanda zake zilipigwa kila nyumba na sisi wa Kiswahili tulijifunzia Luganda humo humo.

Ukumbi mzuri, spika safi kuliko zamani, hilo nasema kweli. Tiketi yangu ya kawaida 50,000, mbele ni meza za mamilioni. Imeandikwa saa moja jioni, mzee kapanda karibu saa tano, kabla yake ni wageni waalikwa tu, kijana huyu akishuka anapanda yule, na wengi wanaimba juu ya CD, mdomo umefungwa sauti inaendelea, bendi ya mzee imekaa pale nyuma magitaa mapajani inawatazama! Walioimba na bendi ni wawili tu, na yule dada wa pili alinitoa machozi, vipaji vipo sibishi.

Sasa kilichoniuma. Mzee kaanza ule wimbo wa kijana anayeuza kibanja, yaani kipande cha ardhi, cha baba yake apate nauli ya ndege. Ni hadithi ile, anaongea kijana, anaongea mnunuzi, wanakuja wazee wa ukoo, halafu mwisho kabisa mama anajibu, na jibu la mama ndio wimbo wenyewe, mengine yote ni njia ya kufika hapo. Amefika kwa wazee wa ukoo, emsii huyo na maiki, makofi kwa legendi wetu, akaanza kusalimia waheshimiwa mezani mmoja mmoja kwa majina, mara mgeni mwingine kaingia na CD yake. Mzee bado kashika gitaa! Banange, sisi tuliosimama nyuma tukauimba ubeti wa mama wenyewe, bila maiki, wamama wa sokoni na watu wa boda, mpaka spika zikatuzidi. Huko mezani watu walikuwa wanajirekodi.

Hasira haijaisha mpaka leo. Nyimbo za mtunzi Kafeero zilivuka dakika kumi na watu walitulia kwenye redio mpaka neno la mwisho, maana huwezi kujua aliyekosea ni nani kabla hajamaliza. Basudde ametutoka 1997, Elly Wamala 2004, Kafeero 2007, watunzi wa enzi zile waliobaki ni wa kuhesabu, na hawa ndio tunawapimia dakika nne? Na msiniambie laivu haiwezekani siku hizi, bendi ya Afrigo iko stejini tangu 1975.

Mkienda shoo kama hizi achaneni na meza, simameni nyuma na wanaojua maneno. Kuleni kabla, muchomo wa ndani bei imeniogopesha. Na hela ya kumtuza mzee mpeni mkononi mwake, msipitishie kwa mtu yeyote.

Nimeambiwa Jumapili anapiga kwenye baa moja ndogo Kibuye, yeye na gitaa na kijana wa ngoma basi, hakuna wageni. Nitafika mapema nikae karibu nimwombe aanze na huo huo. Wa Nsambya njooni.