Nilivyoipigania pembe ya upepo kwa kubashiri Wimbledon

Barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, kuna pembe moja inayopata upepo hata mwezi wa Machi, mji mzima unapotokota. Ndiyo tuliyoishindania. Mwanzo tulitaka atakayeshindwa anunue kahawa, lakini Ami, mkubwa wetu, alikataa. Mtu akitoa hata kikombe kimoja kwa sababu kabashiri vibaya, alisema, hiyo ni kamari. Basi tukakubaliana kwamba mshindi ataikalia pembe ya upepo mwaka mzima na hakuna atakayelipa kitu.

Utauliza, watu wa Lamu na tenisi wapi na wapi? Sisi ni watu wa bao, karata na kandanda. Lakini Julai 2022 Angella Okutoyi, binti wa Kenya, alitwaa ubingwa wa vijana wa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, katika mchezo wa wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mpwa wangu alituonyesha kwenye simu. Tangu hapo mchezo ukaingia barazani, kwanza kwa maswali (kwa nini wahesabu 15, 30, kisha 40?), baadaye kwa ubishi. Mwaka 2023 tukaamua ubishi uandikwe.

Ratiba ilipotoka kila mmoja alipewa karatasi. Wimbledon huanza na wachezaji 128 wa kiume na 128 wa kike, na bingwa hushinda mechi saba. Sisi tuliandika kuanzia robo fainali tu: kila jina sahihi la robo pointi 1, la nusu 2, la fainali 4, bingwa 8. Wanaume na wanawake pamoja.

Mimi nililichukulia jambo hili kama mtihani. Kwa muda wa wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nikifunga duka usiku na kukaa na simu hadi chaji inaisha. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba wachezaji 32 hupewa namba za upendeleo ili wakubwa wasikutane mapema, na namba hizo hufuata orodha ya ubora ya dunia. Orodha yenyewe hukusanya pointi za wiki 52, na nyingi hupatikana kwenye viwanja vya sakafu ngumu na vya udongo. Nyasi, ambazo ndizo za Wimbledon, ni msimu mfupi mno. Kutoka mwisho wa mashindano ya Ufaransa, yanayochezwa kwenye udongo, hadi Wimbledon ni wiki tatu tu. Kwenye nyasi mpira hauruki juu, huteleza chini chini na kuja kwa kasi, na anayeanzisha kwa nguvu hufaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na namba nzuri aliyoichuma kwenye udongo, akaja nayo Wimbledon kama nahodha wa jahazi aliyepewa lori.

Nilimtafuta nahodha wangu nikampata: Casper Ruud wa Norway, namba 4. Alikuwa amefika fainali ya Ufaransa 2022 na 2023, lakini Wimbledon hakuwa amewahi kuvuka raundi ya pili. Nikamfuta, nusu fainali nikamwandika Jannik Sinner aliyekuwa upande wake. Ruud alitoka raundi ya pili tena, na Sinner akafika nusu fainali. Siku hiyo nilitembea barabara ya pwani kifua mbele.

Kwa wanawake nilimfuta Iga Swiatek, namba 1, kwa hoja ileile ya udongo. Kweli hakufika nusu fainali. Tabu ni kwamba mahali pake nilimwandika Coco Gauff, naye akatoka raundi ya kwanza! Hoja ilikuwa sahihi, jina likawa bovu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kumjua atakayeanguka ni rahisi kuliko kumjua atakayepita. Tena wanaume hucheza hadi seti tano, na mshindi ni wa seti tatu, kwa hiyo mkubwa akianza vibaya bado ana nafasi ya kurudi. Wanawake hucheza hadi seti tatu, mshindi wa mbili, na ukiteleza moja tayari uko ukingoni. Ndiyo sababu wanaume wangu wanne wa nusu fainali walitimia wote, na kwa wanawake nikapata wawili tu.

Kuhusu bingwa wa kike sikusoma chochote. Nilimwandika Ons Jabeur wa Tunisia kwa moyo mtupu. Alikuwa amepoteza fainali ya 2022, na nusu ya baraza ilikuwa ikimwombea dua. Akawatoa Rybakina na Sabalenka, wote wawili baada ya kupoteza seti ya kwanza, akafika fainali. Huko akaongoza 4-2 seti ya kwanza na 3-1 ya pili, akazipoteza zote 6-4 mbele ya Markéta Vondroušová, ambaye hata namba ya upendeleo hakuwa nayo. Jirani mmoja aliinuka akaenda zake bila kuaga.

Fainali ya wanaume ilianza saa kumi alasiri kwa saa zetu. Hapo nilitumia akili. Novak Djokovic alikuwa ameshinda Wimbledon nne mfululizo alizocheza, na hakuwa amefungwa kwenye Uwanja wa Kati tangu fainali ya 2013. Nani angemwandika mwingine? Mpwa wangu, aliyeandika Carlos Alcaraz. Seti ya kwanza Djokovic alichukua 6-1, nami nikaanza kumcheka kijana. Adhana ya Magharibi ilitukuta seti ya tatu, Alcaraz akiongoza gemu 3-1. Tukaenda kusali, tukarudi, tukakuta wako kwenye gemu ileile! Ilirudi sawa kwa sawa mara 13, ikapita dakika 25. Alcaraz aliposhinda seti ya tano 6-4, baada ya saa nne na dakika 42, nilikuwa sicheki tena.

Ami akahesabu karatasi kwa miwani yake. Yangu, 35. Ya mpwa wangu, 35. Akahesabu tena.

"Ulitumia njia gani?" nikamuuliza kijana.

"Njia gani, Mjomba? Nilinakili namba tu. Wa kwanza mpaka wa nane, yule mwenye namba ndogo apite, hadi mwisho."

Nikachukua kalamu nikahakikisha. Kweli, namba peke yake zilitoa majina 11 sahihi ya robo fainali, sawasawa na mimi. Kwenye nusu na fainali nilimzidi pointi 8, na bingwa wake mmoja akazirudisha zote. Kilichoniuma zaidi ni kwamba moyo ulininyima pointi 8 kwa Jabeur, na akili ikaninyima 8 nyingine kwa Djokovic. Hata wa kumlaumu sikupata.

"Mwanangu," Ami akaniambia, "wewe umekesha wiki tatu, huyu kaandika wakati wa kunywa kahawa, na mmefika pamoja. Pembe ni yake."

Mwaka 2024 nikabadilisha mwendo. Nilianza kwa kunakili namba kama kijana, halafu nikajiruhusu kugusa majina matatu tu, na kila moja liwe na sababu inayohusu nyasi. Nilimfuta Swiatek mapema, nikamwandika Elena Rybakina, bingwa wa 2022, fainali, na Alcaraz nikampitisha mbele ya Sinner aliyekuwa namba 1, kwa kuwa Alcaraz tayari alikuwa bingwa pale. Ilinichukua usiku mmoja. Swiatek akatoka raundi ya tatu, Rybakina akaishia nusu fainali, Sinner akatoka robo fainali, na Alcaraz akamfunga Djokovic seti tatu bila. Barbora Krejcikova, bingwa wa kike aliyepewa namba 31, hakuandikwa na yeyote barazani. Usiku wa fainali ya wanaume Hispania iliifunga Uingereza fainali ya Euro, kwa hiyo vijana hawakutaka kusikia habari ya tenisi hata kidogo.

Mpwa wangu aliinuka mwenyewe, akapangusa pembe kwa mkono. "Ndoo, Mjomba. Keti."

Niliketi. Kusi ilikuwa inavuma kwa nguvu, na kahawa yangu ikapoa kabla sijafika nusu ya kikombe.