Nilivyokokotoa muda wa ndege kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa kalamu na karatasi

Mama mkwe alipotangaza kwamba angekuja kwa ndege kutoka Mwanza akiwa na boksi la sato wabichi waliofukiwa kwenye barafu, nyumba nzima ilianza kubishana kuhusu muda ambao barafu hiyo ingelazimika kustahimili. Shemeji yangu, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukosa jibu, alichukua kilomita za barabara, ambazo zinakaribia 1,150, akazigawanya kwa 900 kwa hoja kwamba ndege zote hukimbia hivyo, akapata saa moja na robo hivi, kisha akajifunga kibwebwe kuitetea hesabu yake.

Ndege haizunguki Dodoma, Singida na Shinyanga kama basi. Mama naye alikuwa ameshatuambia kwenye simu, pamoja na saa ya kuondoka, kwamba, "Wanangu, ni ile ya mapangaboi."

Mbinu yangu, ambayo naisimulia kwa majivuno kidogo, ilinigharimu bando dogo la intaneti na upande wa nyuma wa risiti ya umeme. Uwanja wa Mwanza uko kwenye latitudo 2.44 kusini na longitudo 32.93 mashariki, na ule wa Julius Nyerere uko kwenye 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Tofauti zake ni nyuzi 4.44 na 6.27. Nilizichukulia kuwa pande mbili za pembetatu mraba, nikamkumbuka Pythagoras wa kidato cha pili, nikapata upande wa tatu wenye nyuzi 7.68. Kwa kuwa nyuzi moja ni takriban kilomita 111, umbali ukawa kama kilomita 850, yaani kilomita 300 pungufu ya zile za shemeji. Njia hii ya mkato inakubali hapa kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ukiitumia kwa safari ya London itakudanganya, kwani mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia.

Kuhusu muda, nilichukua mwendo wa kilomita 600 kwa saa kwa pangaboi, ikawa dakika 85, nikaongeza dakika 25 za kupaa, kushuka na kuzunguka kutafuta njia ya kutua. Jumla ilikuwa saa moja na dakika 50. Kwa ndege ya jeti ningeweka 800, na ingekuja karibu saa moja na nusu. Ulizeni pia kama ndege inakuja moja kwa moja, maana ikipitia Kilimanjaro hesabu yote hii inaanza upya.

Mama alipotuma picha ya tiketi jioni, ratiba ilionyesha saa mbili kamili. Shemeji alidai kwamba nami nimekosea, lakini ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, na zile dakika kumi ni za kutambaa ardhini.

Barafu ilifika nusu yake ikiwa bado mabonge, ingawa kusubiri mizigo kulitula karibu nusu saa nyingine, muda ambao si mimi wala shemeji aliyekuwa ameuweka kwenye hesabu.