Mbao mpya, sura ya kale

Wapenzi wa nyumba yenye sura ya kijijini, msikimbilie rangi ya kopo. Chukua nusu lita ya siki nyeupe, tumbukiza waya laini wa kusugulia sufuria, ule usio na sabuni, uache siku moja au mbili. Kifuniko usikikaze: chuma kikiliwa na siki hutoa gesi, chupa inaweza kupasuka. Waya usioshika kutu haufai kabisa.

Piga mbao msasa namba 80, kisha 120, ishia hapo. Ukizidi kuilainisha, rangi haipenyi vizuri.

Siri yenyewe ni chai ya rangi, nzito, majani mengi katika kikombe kimoja. Ipake, iache ikauke kabisa. Tanini, kile kinachoipa chai ukakasi, ikikutana na chuma kilichoyeyuka kwenye siki ndipo weusi ule wa mbao kuukuu unapotokea. Msonobari una tanini kidogo, kwa hiyo wanaoruka hatua hii hupata kijivu hafifu chenye mabaka, kisha wanailaumu siki bure.

Chuja siki, paka kwa brashi kufuata nyuzi. Mwanzo utaona kama umepaka maji matupu. Subiri dakika chache: mbao inageuka mbele ya macho yako, inaingia rangi ya majivu, halafu kahawia iliyokolea. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Ikikauka, malizia na mafuta ya kitani, tabaka jembamba. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo msivirundike, tafadhali sana. Hujipasha joto vyenyewe hadi vikawaka. Vitandazeni nje vikauke.