Kasha la mbao la sarafu za poka
Anayetafuta sarafu za kuchezea poka (mchezo wa karata wa kuwekeana dau) nyumbani huvutiwa kwanza na kasha, hasa likiwa la mbao iliyopigwa vanishi, ilhali jambo la kuulizwa mwanzo ni idadi ya wachezaji: sarafu 300 huwatosha watu 5 au 6, lakini meza ya watu 8 au zaidi huhitaji 500. Hapo ndipo uzito unapoingia, kwa kuwa sarafu nyingi za plastiki zenye kipande cha chuma ndani zina gramu 11.5 kila moja, na 500 hufikia kilo 5.75 kabla ya kasha lenyewe kupimwa. Kwa hiyo mimi hukagua bawaba na mpini kabla ya kusifu rangi ya mbao, kwani skrubu fupi hung'oka upesi. Vijia vya ndani navyo vilingane na sarafu, ambazo kwa kawaida zina kipenyo cha milimita 39 hivi, la sivyo zitagongana njia nzima. Ninapendelea zisizoandikwa thamani (leo nyekundu ni 5, kesho ni 50, mradi tumekubaliana), ingawa wanaoandaa mashindano watafaidika zaidi na zenye namba.