Konteri ya kinga yangu na kilometa za uongo

Mbele ya yote, nikisema konteri musiwaze ile ya umeme. Hata mama watoto nilipomwambia nataka kununua konteri aliniuliza, "Kwani ile ya ukutani imekufa?" Apana. Nasema ile ndogo inakaa juu ya gidoni (usukani) ya kinga, ndiyo baiskeli yenyewe, inakuonyesha unaenda mbio kiasi gani, umetembea kilometa ngapi, saa ngapi, na mambo mengine kibao ambayo, nakwambia leo nikiwa nimeshalipa karo yote, nusu yake hutayaangalia hata siku moja.

Mi ni mtu wa kinga kila siku. Naishi Keshero, kazi iko katikati ya mji wa Goma, naenda na kurudi, na Jumamosi asubuhi tunatoka na vijana wa kikundi kama barabara zinapitika. Kinga yenyewe ni VTT (baiskeli ya milimani) ya zamani, tairi 26 kwa 1.95, ilikuja na kontena kutoka Ulaya ikiwa imeshachoka lakini fremu yake chuma kabisa. Kitu kilichonichoma roho ni ubishi. Kila Jumamosi huyu anasema leo tumefanya 40, yule 52, mwingine anaapa kwa mama yake ni 60, na wote tumepita njia moja. Nikasema mi njo nitakuwa wa kwanza kuja na namba. Na kweli nilikuja nayo, subiri uone namba gani.

Wengi walinishauri nifunge tu telefoni kwenye gidoni. Mtu anayekwambia ufunge telefoni kwenye gidoni upite nayo Birere, mtaa wa soko uliojaa watu, saa kumi na mbili jioni, huyo hakupendi. Na haya mawe yetu ya volkano yanakutikisa mpaka meno, sijui hiyo telefoni ingebaki na nini ndani.

Lakini shauri lililonimaliza lilitoka kwa yaya (kaka mkubwa) mmoja wa kikundi, mwenye kujua kila kitu, tairi anajua, siasa anajua, dawa ya minyoo anajua. Akaniambia, "Mudogo wangu, chukua yenye fonksyo nyingi, na isiwe ya waya. Waya ni mambo ya wakati wa Mobutu." Basi nikaingia butike moja, nikakuta boksi imeandikwa 24 kwa rangi nyekundu, muuzaji anataka dola 25, tukabishana mpaka jua likahama, nikaichukua kwa 15 hivi, ao 17, sikumbuki. Nikatoka nimetembea kifua mbele.

Ile 24 bana ni hesabu ya fonksyo, yaani kazi inazojua kufanya, ukae uihesabu. Mbio ya sasa ni moja, wastani ni mbili, mbio ya juu ni tatu, kilometa za safari, kilometa zote, saa, muda wa safari, hapo uko na saba za kweli. Zilizobaki ni kujaza gunia. Kamshale ka kukuonyesha kama uko juu ao chini ya wastani wako, fonksyo. Kubadilisha kilometa ziwe maili, ambazo hapa hakuna anayezitumia, fonksyo. Kioo kujigeuza chenyewe kutoka namba moja hadi nyingine, fonksyo. Taa ya kioo, fonksyo. Kalori njo ilinichekesha zaidi, ju konteri haijui moyo wako unapiga vipi wala kama uko unapanda ao unashuka, inakadiria tu kwa mbio. Siku niliyosukuma kinga kwa miguu kwenye mlima natoka jasho mpaka viatuni ilisema nimechoma kidogo kuliko siku niliyoteremka nimekaa napiga mluzi.

Sasa kichekesho chenyewe. Wiki ya kwanza kila kitu sawa. Wiki ya pili natoka kazini giza limeshaingia, nafika nyumbani natazama mbio ya juu ya siku: 87.4. Themanini na saba! Mi na VTT yangu na mfuko wa viazi nyuma. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mi nilipiga picha nikaituma kwenye grupu la WhatsApp na maneno "Leo sikujikaza hata." Kimya kama dakika mbili, alafu kijana mmoja akaandika, "Yaya, ulishuka pamoja na lave ao?" (lave ni yale mawe ya moto ya volkano). Walicheka mpaka usiku. Nikawajibu eti kuko muteremko fulani hawaujui. Na mi mwenyewe nikaendelea kuamini, njo aibu yenyewe hiyo.

Siku tatu baadaye ikafika 99.9, wastani 41, nami jioni ile yote nilikuwa nyuma ya tshukudu (kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukuma mizigo) iliyobeba makaa, ambayo sikupata nafasi ya kuipita. Hapo hata kichwa kigumu sawa changu kinalegea. Nikashuku sumaku ya kwenye gurudumu, nikaisogeza. Nikashuku sensa inayohesabu hiyo sumaku ikipita, nikaifunga upya. Nikabadilisha betri. Asubuhi inasoma vizuri, jioni wazimu. Fundi mmoja akaniambia ni unyevu wa ziwa. Mwingine akasema ni minara ya telefoni. Wa tatu eti ni mawe ya volkano, yana chuma ndani yanavuta sumaku, na huyo nilikaribia kumwamini ju kweli lave iko na chuma, ila lave si iko asubuhi pia?

Aliyenifumbua macho ni binti yangu wa miaka saba. Umeme ulikuwa umekatika, nimeegemeza kinga ndani ya kipangu (uwanja wa nyumba), nimewasha taa ya kinga imulike mlango wa jiko. Akainama kwenye gidoni akasema, "Papa, kinga iko inakimbia yenyewe." Natazama: 43. Gurudumu limesimama, kuku amelala chini ya pedali, 43. Nikazima taa, ikashuka mpaka sifuri. Nikawasha, 43 tena. Tulibaki pale tunawasha na kuzima sawa watoto wawili, na kilometa ziko zinaongezeka, nadhani siku ile tulifika mji wa Sake bila kutoka nje ya mlango.

Kumbe hizi za bei ndogo zisizo na waya sensa yake inatuma alama ya redio dhaifu kabisa, alama tupu isiyo na jina, kila gurudumu likizunguka inatuma moja. Na ile taa yangu ya LED, ya bei ndogo vilevile, mtambo wake wa ndani unatoa makelele ya redio, konteri inayasikia inadhani ni gurudumu. Nilikuwa nimezifunga zimegusana, bega kwa bega. Ukitenganisha sentimita kumi na tano ao ishirini inapungua, lakini gidoni yangu si ndefu kama meza. Zile zinazotumia Bluetooth na ANT+, njia mbili za kisasa za kutuma alama, ni tofauti, kila sensa inajitambulisha kwa namba yake kwa hiyo konteri haichanganyi na taa wala na kinga ya mwenzako. Zile rahisi hata kinga mbili zikienda pamoja karibu karibu zinaweza kuibiana kilometa. Yaya mwenye kujua kila kitu, hilo hakulijua.

Na bado sijamaliza uongo. Nilipokuwa nataka kuirudisha ile konteri (muuzaji alikataa, akasema taa sikununua kwake) nikaingia ndani ya seti (mipangilio yake) nikakuta mzunguko wa gurudumu umeandikwa 2155. Hiyo namba njo moyo wa konteri, ni urefu wa ardhi ambao gurudumu linameza kwa mzunguko mmoja, kwa milimita. Muuzaji alikuwa ameniambia usiguse imeshapangwa. Imepangwa kwa kinga ya nani? Rafiki mmoja akanipigia hesabu ya shule, inchi 26 mara 25.4 mara 3.14, akapata 2074 hivi. Ni karibu zaidi lakini bado si yenyewe, ju ile 26 ni jina tu, unene wa tairi unabadilisha, upepo ndani ya tairi unabadilisha, na mimi mwenyewe mwenye kilo zangu nikikaa tairi linabonyea.

Kwa hiyo usipige hesabu, pima. Nilitafuta mahali pa saruji laini, nikaazima mita ya fundi wa kujenga, chaki ya binti. Nikajaza upepo vile huwa najaza, nikapiga chaki kwenye tairi mahali pa valvu na chini yake kwenye saruji, nikakaa juu ya kinga (kukaa, si kusukuma), kijana wa jirani akanishika mgongo nisianguke, tukaenda pole pole mizunguko mitano kamili. Mitano, si mmoja, ju ukikosea sentimita moja kwenye mitano, kila mmoja umekosea milimita mbili tu. Tukapata mita kumi na sentimita 20.5. Gawa kwa tano, 2041. Sasa linganisha na 2155, ni zaidi ya asilimia 5, maana yake ule wastani wangu wa 22 niliojivunia hata mchana bila taa ulikuwa hata 21 haufiki. Hilo sikuliandika kwenye grupu.

Baada ya hapo nikataka kuruka moja kwa moja kwenye za GPS. Rafiki yangu wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, ana moja akaniazima wiki nzima. Nisiseme uongo, ni nzuri, hakuna sumaku, hakuna kupima tairi, unawasha unangoja ikamate satelaiti, unaenda, na jioni unaona njia yako yote kwenye ramani. Lakini kwanza inauliza saa za mji gani, mi kama Mkongomani mwema nikachagua Kinshasa, kesho yake nikafika kazini nimechelewa saa moja nzima na konteri inanihakikishia niko mapema. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, sisi saa yetu ni ya Lubumbashi na Kigali. Alafu ile ya kupima mwinuko. Iko na barometa ndani, inasoma mgandamizo wa hewa. Usiku niliilaza ndani ya nyumba, asubuhi nyumba imepanda mita 12. Sisi watu wa Goma tangu volkano ya Nyiragongo ilipuke Mei 22, 2021 ukituambia udongo umepanda hatuulizi mara mbili, tunatafuta viatu. Nilisimama mlangoni naangalia upande wa Nyiragongo, namwita mama watoto, kumbe hewa tu imebadilika mgandamizo, kila siku huku kwetu unapanda na kushuka kidogo na konteri inahesabu kama ni mlima.

Bei pia. Garmin na Wahoo sitaki hata kuongea, ni mshahara. Za China kama iGPSPORT na XOSS, ao Bryton ya Taiwan, niliona za dola 60, 70 kwenda juu, na zote ni za kuchaji. Kama kwenu umeme hauna matata nunua, mi nilihesabu vitu ambavyo tayari vinagombania prizi moja nyumbani nikaona apana.

Nikarudi kwenye waya. Ndiyo, waya wa wakati wa Mobutu. Cateye ya Japani na Sigma ya Ujerumani bado wanazitengeneza hadi leo, kwa hiyo si mimi peke yangu mshamba. Yangu niliagiza kwa mtu aliyekuwa anatoka Kigali, dola 20 na kitu. Nilichoangalia: namba za juu ziwe kubwa nizisome juani bila kukunja uso, vifungo nivibonyeze na vidole vilivyolowa, na itumie betri ya CR2032, ile ndogo ya duara, ambayo haitafutwi. Ila betri zenyewe muwe macho, nimeshanunua ya pakiti ya kumi kwa bei ya bure ikakaa wiki mbili, na nzuri inakaa kama mwaka.

Kuna kitu niligundua mwenyewe na ninajisifu nacho. Sensa na sumaku ya kwenye njiti za gurudumu zinataka kukaribiana sana lakini zisigusane, wengi wanakadiria kwa jicho, kesho gurudumu likiyumba linapiga sensa, tak tak tak. Mi nachukua ile CR2032 yenyewe, jina lake linakuambia vipimo, milimita 20 upana na 3.2 unene, naiweka katikati ya sumaku na sensa, inanasa pale kwenye sumaku yenyewe bila kushikwa, nakaza, naitoa. Nafasi safi. Fundi wangu sasa anafanya hivyo kwa wateja na hasemi alitoa wapi.

Kishikio cha plastiki kilipasuka mwezi wa pili, lave haina huruma. Mchonga tshukudu mmoja aliyeniona nahangaika akakata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, vile wao wanafunga mambo yao, akazungusha mara tatu chini ya kishikio. Haijatikisika tena. Mvua nayo, paka grisi kidogo kwenye mfuniko wa betri.

Na usinifanyie kosa langu, kabla hujatoa betri andika kilometa zako zote mahali. Mi nilipoteza 1,312, ikaanza sifuri. Zile njo nazitumia kujua lini nitie mafuta mnyororo, na vumbi letu hili jeusi ni kila 150 hivi, na lini mnyororo wenyewe umeisha. Bahati yangu inakubali kuandika upya namba kwa mkono, na binti alikuwa anaikumbuka, ju kila jioni anasoma yeye.

Yaya wa fonksyo nyingi alinunua yake, 28 hizo, bila waya. Juzi alituma picha, 91 kwa saa. Nimemuuliza tu kama taa yake ni mpya.