Stata ya lori la zamani: pima waya kabla ya kuifungua

Lori likikataa kuwaka, lawama ya kwanza huiangukia stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake. Inafunguliwa, inafungwa nyingine, na lori linabaki lilelile, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa ethi (wa upande wa hasi, unaofunga betri na mwili wa gari) uliooza pale unapokutana na chesisi. Kwa lori lililokula miaka mingi, nyaya na viungo vyake ndivyo vya kushukiwa mwanzo. Stata yenyewe ifuate baadaye.

Anza kwa kusikiliza. Washa taa za mbele, mtu mmoja apige stata, wewe simama karibu na injini. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka na taa zinafifia kila mlio, solenoidi (swichi ya sumaku-umeme iliyofungwa kwenye stata, inayopeleka umeme mkubwa kwenye mota) inavuta na kuachia: betri ni dhaifu au kuna kiungo kibovu kwenye waya mkubwa. Mara chache huwa ni koili ya kushikilia ndani ya solenoidi iliyokatika. "Tak" moja nzito huku taa zikibaki na mwanga wao inamaanisha solenoidi imevuta lakini umeme hauvuki kwenda kwenye mota. Hapo fikiria vishikizo vya shaba vya ndani ya solenoidi vilivyoungua, au kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zilizokwisha. "Tak" moja na taa kufifia sana ni jambo jingine: mota inapata umeme lakini imekwama, au injini yenyewe haizunguki. Kabla ya kuendelea tia spana kwenye bolti ya puli ya krenkishafti (mhimili mkuu wa injini) ujaribu kuizungusha kwa mkono. Injini iliyojaa maji kwenye silinda haitazungushwa na stata yoyote, na ukiilazimisha unapinda konirodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenkishafti.

Mota ikivuma kwa kasi bila kugeuza injini, bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika meno ya injini) imeisha. Kimya kabisa ni habari ya swichi, rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo) au waya mdogo wa solenoidi.

Sasa betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, ichaji kwanza, la sivyo vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Malori mengi ya dizeli yana betri mbili zilizofungwa mfululizo kupata volti 24, kwa hiyo pima kila moja peke yake. Jumla ya 24.6 inaweza kuficha betri moja ya 12.7 na nyingine ya 11.9, na hiyo ya pili ndiyo inayokuangusha. Kisha pima wakati stata inapigwa: betri ya volti 12 isishuke chini ya 9.6. Iliyosoma 12.6 ikiwa imetulia na kuporomoka hadi 6 au 7 mara tu stata inapopigwa huwa na seli iliyokufa, na kuichaji hakutaifufua.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachookoa pesa, nacho ndicho kinachorukwa na wengi: upotevu wa volti kwenye nyaya wakati mzigo uko juu. Kupima waya kwa omu, yaani ukinzani wake, hakusaidii. Waya wenye nyuzi mia zilizooza ukabaki na nyuzi tano tu bado utaonyesha mzima kwenye omu, kwa kuwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) inapitisha umeme mdogo mno. Stata inadai mamia ya ampia, na nyuzi tano haziwezi.

Zuia kwanza injini isiwake. Kwa dizeli ya zamani mtu avute waya wa kuzimia na kuushikilia. Kwa petroli chomoa waya wa koili ya plagi. Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse nguzo ya chanya ya betri, yaani risasi yenyewe na si kibano chake. Ncha nyeusi iguse bolti kubwa ya solenoidi inayopokea waya wa betri. Piga stata sekunde 3 hadi 5, usome. Ikizidi 0.5, waya huo au vichwa vyake ni vibovu. Kisha pima kati ya bolti mbili kubwa za solenoidi. Kabla ya kupiga utaona volti zote za betri; ukipiga, zinapaswa kuanguka hadi 0.3 au chini. Zikibaki 2 au 3, vishikizo vimeungua, na huhitaji kubahatisha tena. Mwisho upande wa ethi: kutoka nguzo ya hasi ya betri hadi chuma cha mwili wa stata, mahali palipokwanguliwa rangi. Zaidi ya 0.3 ni tatizo. Fuata njia hiyo kipande kwa kipande, betri hadi chesisi, chesisi hadi injini, injini hadi stata, mpaka uone ni kiungo gani kinakula volti. Mara nyingi ni ule mkanda wa shaba uliosukwa kati ya injini na chesisi. Fungua bolti yake, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo baada ya kukaza.

Kwa stata iliyo kimya, pima waya mdogo wa solenoidi wakati ufunguo umegeuzwa. Kwa lori la volti 12, ukikuta volti 7 au 8 badala ya 11, swichi imechoka au waya umepita viungo vingi njiani. Dawa nzuri ni kuweka rilei karibu na stata, swichi ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu.

Vipimo vyote vikipita na stata bado inakataa, sasa ishushe. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza, kabla spana haijagusa kitu kingine chochote. Stata ya lori ni nzito, itegemeze wakati bolti ya mwisho inatoka. Kabla hujairudisha, ingiza tochi kwenye tundu lake uangalie meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini linalogeuzwa na bendiksi) huku mwenzako akizungusha injini kwa spana. Yazungushe yote, kwa sababu injini husimama karibu sehemu zilezile kila inapozimwa: mbili kwa injini ya silinda 4, tatu kwa ya silinda 6. Meno huliwa hapo tu, kwingine yakabaki mapya.

Mfuniko wa solenoidi ukifunguka, utaona vishikizo viwili vya shaba na sahani ya mviringo inayovigonga. Mara nyingi kimoja kimeliwa zaidi ya mwenzake, kimeachwa na shimo jeusi lenye kingo zilizoyeyuka, na sahani inagusa upande mmoja huku mwingine ukibaki na mwanya mwembamba kama karatasi. Kupiga tupa kunaongeza mwanya huo. Badilisha vishikizo vyote viwili kwa pamoja.

Kaboni zikifika nusu ya urefu wake wa awali, zibadilishe zote. Dalili yake huwa hii: stata inagoma, ukigonga mwili wake kwa nyundo inazunguka. Stata yenye sumaku badala ya koili za fildi (zinazotengeneza usumaku kwa umeme) usiigonge kabisa, sumaku hupasuka. Safisha komuteta (vipande vya shaba vinavyosuguliwa na kaboni) kwa msasa laini, kisha chokoa mifereji kati ya vipande hivyo. Pima amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka: kipande chochote cha komuteta kikisomana na shafti, amecha imepiga shoti na haifai.

Bendiksi igeuke kwa urahisi upande mmoja na ikamate upande wa pili. Usiiloweke kwenye petroli wala dizeli. Inaosha grisi ya ndani na bendiksi itaanza kuteleza. Ifute kwa kitambaa. Grisi nyepesi ipakwe kwenye mifuo ya shafti na kwenye bushi, lakini mkia wa solenoidi, yaani chuma kinachovutwa ndani yake, ubaki mkavu, maana grisi hukusanya vumbi la kaboni na kuunasa.

Ijaribu ikiwa imebanwa kwenye jiliwa. Umeme ukifika solenoidi, bendiksi iruke mbele na mota ivume kwa sauti moja isiyoyumba. Ukiukata, bendiksi irudi papo hapo. Safisha uso wa stata unaokaa kwenye injini kabla ya kuifunga, kwa sababu ndio ethi yake. Waya wa hasi urudi wa mwisho. Ukipiga stata usizidishe sekunde 10 kwa mkupuo mmoja, na iache ipoe dakika 2 kabla ya kujaribu tena.